Kutia Moyo si Kutia Chumvi

Lugha ya Kiswahili ina kitenzi kimoja kidogo kinachobeba mizigo mingi kuliko mkokoteni wa Marikiti. Kitenzi hicho ni "kutia". Mpishi hutia chumvi chunguni, nahodha hutia nanga, karani hutia sahihi, na mtu mwema humtia mwenzake moyo. Wanafunzi wangu wa isimu hunisikia nikikisifu kitenzi hiki mara kwa mara, nao hutazamana kwa siri kana kwamba mwalimu wao amepungukiwa na mambo ya kufikiria. Lakini naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa ndani ya kitenzi hiki mna somo ambalo wahubiri, walimu na wazazi twalihitaji sana.

Tazama tabia yake. Hakuna atiaye chumvi chunguni akiwa nje ya jiko. Hakuna atiaye nanga akiwa nchi kavu. Kutia kunataka ukaribu. Kunataka mkono ufike mahali penyewe. Ukiwa mbali waweza kutuma, kutangaza, kuagiza na hata kulaani, lakini huwezi kutia. Aidha, Mswahili akisema kuwa fulani "anatia chumvi", haimaanishi kuwa anapika. Anamaanisha kuwa fulani anaongezea maneno, anakuza jambo kupita kiasi. Ndipo ninaposema kwamba wengi wetu, tukidhani tunatia moyo, huwa tunatia chumvi. Na Bwana Yesu alipowalinganisha wafuasi wake na chumvi ya dunia, naamini hakuwa na chumvi ya namna hii akilini.

Anayetaka kuona tofauti ya mambo haya mawili na aende Kibarani, ng'ambo ya Makupa, pale barabara itokayo kisiwani Mombasa inapoanza safari yake ya bara. Mwanasarufi akilitazama jina lenyewe huona "ki-" ya udogo, "bara", na "-ni" ya mahali: yaani penye kibara, bara dogo. Hapo malori ya makontena kutoka bandarini, matatu za Changamwe na mabasi ya Nairobi hugombania njia moja, na abiria hupata wasaa wa kutosha wa kusoma. Tena yapo ya kusoma! Karibu kila gari limeandikwa mahubiri mafupi mgongoni: Mungu Mbele, Asante Yesu, Usinionee Wivu Niombee. Niliwahi kuona matatu iliyoandikwa "Subira" kwa herufi kubwa za dhahabu ikiwapita wenzake wote kwa upande usioruhusiwa, huku ikipiga honi.

Katika msongamano kama huo nilishuhudia jambo ambalo nimelitumia darasani zaidi ya mara moja. Mhubiri mmoja alikuwa amepanda Mwembe Tayari, akasimama katikati ya matatu na kutuhubiria kuhusu uvumilivu. Sauti yake ilikuwa nzuri na Kiswahili chake hakikuwa na dosari. Alituahidi kwamba kabla ya mwezi kwisha kila mmoja wetu angepata alichokuwa akikililia. Kiti cha mbele yangu alikuwa ameketi msichana aliyevaa sare za shule, machozi yakimtiririka kimyakimya. Mhubiri alimwona, akamnyooshea kidole na kumwambia kwamba machozi yake yangegeuka vicheko. Msichana akazidi kulia. Gari lilipokwama Kibarani kwa robo saa nzima, mhubiri wa uvumilivu alitazama saa yake, akateremka na kwenda kutafuta gari jingine.

Ndipo mama mmoja mzee aliyeketi kando ya yule msichana alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza.

"Pole, mwanangu. Ushakula?"

"Bado, nyanya."

Bibi akafungua kikapu, akatoa mahamri mawili yaliyofungwa kwa karatasi, akampa. Hakumuuliza analilia nini wala hakumwahidi lolote. Msichana alikula moja, akapangusa uso, na baada ya kitambo akaanza mwenyewe kumweleza bibi yake huyo wa bahati habari za karo. Bibi alisikiliza. Karo hakuwa nayo, na hakujifanya kuwa nayo. Alisema tu kwamba angeteremka naye na kumsindikiza hadi langoni ili aseme na mwalimu mkuu, "kwani mtu mzima akisema, husikilizwa".

Msomaji wa Biblia atakumbuka kisa kinachofanana na hiki katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 19. Nabii Eliya amechoka hata anaomba kufa. Amelala jangwani chini ya mti. Malaika anamjia, na laiti malaika huyo angekuwa mmoja wetu, bila shaka angeanza na hotuba yenye sehemu tatu na hitimisho! La hasha. Malaika anamgusa, anamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, anamwacha alale tena, kisha anarudi mara ya pili na chakula. Mazungumzo marefu yanakuja baadaye sana, huko mlimani. Mbinguni, yaonekana, wanajua kwamba mtu mwenye njaa hasikii vizuri.

Hebu sasa tuyapime maneno mengine mawili tuyatumiayo kila siku. Sote twajua methali isemayo kwamba baada ya dhiki, faraja. Maneno yote mawili yametujia kutoka Kiarabu. Asili ya "dhiki" ni wembamba, hali ya kubanwa mahali pasipo nafasi. Asili ya "faraja" ni upenyo, kufunguka kwa kilichobanwa. Kwa hiyo wahenga wetu walituambia kwamba baada ya kubanwa, hupatikana nafasi. Jambo la kupendeza ni kwamba Kiebrania nacho kina picha hiyo hiyo. Katika Zaburi ya 118 mwimbaji anasimulia jinsi alivyomwita Mungu akiwa mahali pembamba, akajibiwa kwa kuwekwa mahali papana. Nao wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka wa 1952, walipofika Injili ya Yohana 16:33, mahali Yesu anapowaaga wanafunzi wake, walichagua neno hilo hilo la "dhiki". Zingatia pia kwamba katika mstari huo Yesu hakukanusha kuwa dhiki ipo. Aliitaja kwanza, kisha akawatia moyo. Hakutia chumvi.

Maneno haya ya faraja Wakristo wa pwani hawakuyabuni. Waliyakuta yakitumiwa na majirani zao Waislamu. Mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na tarehe 8 Juni mwaka huo alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohedin. Mwezi uliofuata homa ilimuua mkewe, Rosina, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga akafa. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Hata hivyo kazi haikukoma: milango mitatu ya Mwanzo ilichapishwa Marekani mwaka wa 1847, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mimi hulifikiria sana lile jamvi la Juni 1844. Mgeni aliyevuka bahari ili afundishe alilazimika kwanza kuketi, kuuliza na kusikiliza, neno baada ya neno. Sina haja ya kuongeza kwamba yeyote atakaye kumfariji mwenzake hana budi kuanzia hapo.

Turudi Kibarani, kwani mahali penyewe pamepata kuijua dhiki na faraja kwa macho. Tangu enzi za ukoloni kisiwa kiliunganishwa na bara kwa tuta lililojengwa katikati ya mkono wa bahari wa Makupa. Watu walivuka, lakini maji yalibanwa, hayakuweza kupita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kando yake, kwa miaka mingi, palikuwa na jaa la taka la mji mzima, lenye moshi na uvundo ambao abiria waliupokea kwa kufunga madirisha. Mwishoni mwa miaka ya 2010 jaa hilo lilifungwa, udongo ukamwagwa juu yake, nyasi na miti ikapandwa. Mwaka wa 2022 Daraja jipya la Makupa likafunguliwa mahali pa tuta, na maji yakapata njia yake tena. Baada ya wembamba, upenyo. Methali ilikuwa imejengwa kwa zege.

Lakini nisije nami nikatia chumvi. Taka za Mombasa hazikuyeyuka. Zilielekezwa Mwakirunge, kwa majirani wengine. Nao waliokuwa wakiokota chuma na plastiki pale Kibarani ili walishe watoto wao waliona riziki yao ikifukiwa pamoja na uvundo. Faraja ya mmoja yaweza kuwa dhiki ya mwingine ikiwa hatukutazama vyema. Mwenye kumshukuru Mungu kwa bustani na amkumbuke pia aliyeondolewa ili bustani ipandwe. Shukrani isiyo na kumbukumbu hiyo ni nusu ya shukrani.

Kwa maoni yangu mtiaji moyo hodari kuliko wote katika Agano Jipya ni Paulo ndani ya jahazi linalozama, katika Matendo ya Mitume mlango wa 27. Sisi wa pwani tunaielewa hadithi hii bila ramani. Watu 276 wamo chomboni, dhoruba imewapiga siku 14, hawajaonja chakula. Paulo angeweza kuwaambia kwamba yote yatakuwa sawa. Hakufanya hivyo. Aliwaambia waziwazi kwamba chombo kitapotea, ila hakuna hata mmoja atakayepoteza uhai wake. Kisha akawasihi wale, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao na kuanza kula yeye mwenyewe. Nao wakachangamka, wakala. Paulo alifanya mambo matatu: alisema kweli kuhusu chombo, aliwapa tumaini kuhusu watu, na alileta mkate. Na alikuwa amo humo humo chomboni pamoja nao.

Walimu wenzangu, nasi tuna majahazi yetu. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyepata alama ya D katika jaribio hutujia akitetemeka, nasi kwa huruma twamwambia, "Usijali, utapata A, Mungu yupo." Mungu yupo, naam, lakini hiyo A tumeitoa wapi? Tumetia chumvi, na mtoto anajua. Akirudi kitini huwa peke yake zaidi kuliko alivyokuja. Afadhali mwalimu aandikaye pambizoni: "Mwanzo wa insha yako unavutia. Aya ya pili imepotea njia. Njoo Alhamisi tuitafute." Maneno hayo machache yana kweli, yana tumaini, na yana mkate: saa moja ya Alhamisi. Mfano wetu na awe Barnaba, ambaye jina lake lilipewa maana ya mwana wa faraja. Kijana Marko alipowaacha wenzake safarini, Paulo alikataa katakata kumchukua tena. Barnaba akamchukua, akasafiri naye hadi Kipro. Miaka ilipopita, ni Paulo huyo huyo aliyeandika akitaka Marko aletwe kwake kwa kuwa anamfaa. Kila shule ina Marko wake. Je, ina Barnaba?

Nanyi wanafunzi msidhani kwamba moyo hutiwa kutoka juu kwenda chini tu. Mwalimu naye huvunjika moyo. Hurudi nyumbani na madaftari 50 chini ya kwapa, akijiuliza kama kuna aliyesikia hata neno moja. Mwanafunzi asemaye, "Mwalimu, somo la jana nimelielewa," hatumii hata senti moja, na mwalimu wake hulala usingizi mzuri. Kadhalika mwenzako wa dawati la nyuma anayechekwa kwa lafudhi yake: huna haja ya kumhubiria. Keti naye wakati wa mapumziko.

Sibezi maandishi ya kwenye matatu, wala sisemi kwamba mahubiri hayafai. Kuna asubuhi ambazo maneno mawili yaliyopakwa rangi nyuma ya gari bovu yamenifanya nicheke na kuendelea na safari, na kicheko ni zawadi ya Mungu vilevile. Ninachosema ni kwamba maneno yetu mazuri yanahitaji kufuatwa na miguu. Imani inayoishia mdomoni ni kama chumvi iliyomwagwa mezani: ni chumvi kweli, lakini mchuzi haujaionja.

Juma hili, basi, mwalimu mwenzangu, utaishika kalamu nyekundu mara nyingi. Wino utakaoandika "Hovyo!" ndio utakaoandika "Njoo tujaribu tena", na gharama yake ni ile ile. Kinachozidi ni dakika zako chache baada ya kengele kulia.