Kelele ya cheni ya taimingi: chunguza tensiona kabla ya kufungua injini

Madereva wengi wa bodaboda wanaijua sauti hii: mchakato mkavu, kama sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo, unaosikika asubuhi injini ikiwa bado baridi na kurudi kila resi inapoachiliwa. Aghalabu hukumu hutolewa papo hapo kijiweni kwamba injini imekwisha na lazima ifunguliwe yote. Kazi husimama kwa siku kadhaa, na si ajabu simu ikapigwa Muscat, London au Minneapolis, kwa kaka au shangazi, kuomba fedha za matengenezo makubwa.

Hata hivyo, katika pikipiki nyingi ndogo mkosaji wa kwanza kuchunguzwa ni kipande kinachotosha kwenye kiganja, yaani tensiona. Mtu mwenye subira, mwanga wa kutosha na spana namba 8 na namba 10 anaweza kuichunguza mwenyewe.

Cheni hii si ile inayozungusha gurudumu la nyuma. Imefichika ndani ya injini, ubavuni mwa silinda, na huunganisha krenki iliyo chini na kamshafti iliyo juu. Krenki inapozunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, na kwa mpangilio huo valvu hufunguka na kufunga kwa wakati wake.

Chuma cha cheni hakirefuki kama mpira; kinacholika ni pini na matundu yake. Cheni yenye viungo 90, kila kiungo kikilegea kwa milimita 0.02 tu, hurefuka kwa milimita 1.8. Kazi ya tensiona ni kuufuata ulegevu huo kwa kusukuma ulimi wenye mpira unaoegemea cheni. Ikikwama, cheni hucheza na kupiga kuta.

Je, pikipiki yako ina cheni hiyo?

Swali hili laonekana la mzaha, lakini sivyo. Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, haina cheni ya taimingi. Waliyoibuni walikuwa na nchi ambako oili haibadilishwi kwa wakati akilini mwao, na wakatumia vijiti vya kusukuma valvu. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia Afrika Mashariki zimeiga injini hiyo. Mwenye injini ya namna hiyo akiuziwa cheni ya taimingi, ameuziwa dawa ya ugonjwa asioweza kuugua. Bajaj Boxer na TVS HLX, kinyume chake, zina cheni.

Baada ya hapo, sikiliza. Shika bisibisi ndefu, weka ncha kwenye sehemu unayoipima na mpini karibu na sikio, ukijihadhari na ekzosi yenye moto. Cheni iliyolegea huchakarisha upande mmoja wa silinda, hasa injini inapounguruma taratibu au resi inaposhuka. Tapeti zilizolegea hutoa mgongo mwembamba juu kabisa, wenye mpigo sawa kama cherehani. Pistoni iliyolika hugonga kwa sauti pana injini ikiwa baridi na kufifia inapopata joto. Mgongo mzito kutoka chini, unaozidi pikipiki inapopanda mlima na abiria, ni wa konrodi. Huo haungoji, zima injini na usiendeshe tena.

Kabla ya kugusa spana, tazama oili. Injini za ukubwa huu huchukua takriban lita moja tu, kwa hiyo upungufu wa robo lita si jambo dogo. Wapo wanaomimina oili nzito kupita kiasi ili kelele izame. Kelele huzama kweli, lakini ulaji unaendelea, na oili nzito huchelewa kufika kwenye kamshafti asubuhi. Oili ya gari nayo si mbadala wa kuaminika: baadhi huwa na viambato vya kupunguza msuguano vinavyofanya klachi ya pikipiki iteleze. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA.

Rekebisha pia tapeti, injini ikiwa baridi. Nyingi za aina hii hutaka nafasi kati ya milimita 0.05 na 0.10, lakini kipimo cha kufuata ni kile cha kitabu cha pikipiki yako.

Kutoa tensiona

Hapa ndipo penye hatari, na ndipo haraka inapoua injini iliyokuwa nzima.

Acha injini ipoe kabisa. Toa plagi, kisha zungusha krenki taratibu kwa mkono mpaka alama ya T kwenye magneti ilingane na alama ya kifuniko. Shika tapeti zote mbili: zikicheza kidogo, valvu zote zimefungwa na pistoni iko juu katika mgandamizo. Zikiwa ngumu, zungusha krenki mara moja tena. Katika hali hiyo springi za valvu hazivuti kamshafti, na cheni imetulia.

Tensiona kwa kawaida hukaa nyuma ya silinda, karibu na kabureta. Ikiwa ina bolti ya katikati, itoe kwanza, na springi iliyo nyuma yake kama ipo, ndipo ulegeze bolti mbili za pembeni. Tangu sasa mpaka uirudishe, usizungushe injini hata kidogo, wala usiruhusu mtoto au rafiki mdadisi akanyage kiki. Cheni iliyo huru inaweza kuruka jino. Ikiwa gurudumu la kamshafti lina meno 32, jino moja ni zaidi ya nyuzi 11 za mzunguko wake, yaani zaidi ya nyuzi 22 za krenki. Injini ikiwashwa hivyo itakosa nguvu, na meno yakiruka zaidi, valvu hukutana na pistoni. Hapo ndipo deni dogo linapogeuka kuwa la injini nzima.

Sukuma kijiti cha tensiona kwa kidole gumba. Kisirudi ndani mpaka ukifungue kikwamizo chake au ukizungushe kwa bisibisi ndogo, kulingana na aina. Kikiachiliwa, kitoke chenyewe bila kusita. Kikiteleza kurudi kwa kidole, kikiwa na meno yaliyolika au springi iliyochoka, nunua kingine. Angalia pia kilikuwa kimejitokeza kiasi gani. Ikiwa kilikuwa kimefika karibu na mwisho wake, tensiona haina hatia: cheni na ulimi wake vimelika, na vibadilishwe pamoja. Kazi hiyo mara nyingi hudai kutoa magneti kwa kifaa chake maalumu, kamwe si kwa nyundo, na ni vema kumwachia fundi.

Kurudisha ni kinyume chake: kijiti kikiwa kimerudishwa ndani, gasketi mpya, bolti mbili, ndipo springi iachiliwe. Zungusha krenki kwa mkono, mizunguko miwili kamili, kuelekea upande inakozungukia yenyewe. Ikikwama, usilazimishe, kagua alama upya.

Nimeona mara kadhaa tensiona ambayo springi yake imeondolewa na bolti ndefu kuwekwa mahali pake, ikakazwa mpaka kelele inyamaze. Mteja huondoka amefurahi. Cheni iliyokazwa hivyo huukwangua mpira wa ulimi, na vipande vyake huishia kwenye chujio la oili. Anayelipa kutoka ng'ambo ana haki ya kuomba picha ya tensiona ya zamani kabla hajatuma fedha za injini nzima. Fundi mwaminifu hatachukizwa na ombi hilo.

Huku Uingereza fundi hutoza kwa saa, na wengi hulazimika kujifunza kwa vitabu vya Haynes, vyenye picha za kila hatua. Kwa Kiswahili sijawahi kushika kitabu kama hicho, ingawa maneno yote yako tayari midomoni mwa mafundi wetu.

Baada ya kuwasha, subiri injini ipate joto, kisha sikiliza tena kwa bisibisi ile ile. Kagua kama oili inavuja kwenye gasketi mpya, na urudie ukaguzi huo jioni, baada ya siku moja ya kazi.