Kwa nini madirisha ya kanisa la Azania Front yana vipaa vyake?

Msikilizaji, ukipanda kivuko Kigamboni kuelekea Magogoni, tazama ng'ambo. Utaona mnara na paa la vigae vyekundu. Hilo ni kanisa la Azania Front. Wamisionari Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1898, na leo ni kanisa kuu la KKKT, Dayosisi ya Mashariki na Pwani.

Wengi hupiga picha mnara. Wewe tazama madirisha. Juu yake kuna vipaa vidogo vya vigae vilivyochomoza nje ya ukuta. Si pambo tu. Dar es Salaam jua la saa sita hukaa karibu na utosi, hivyo hata kipaa kifupi kinalitia dirisha kivuli. Masika ikianza, maji hudondokea mbali na ukuta, na dirisha linaweza kubaki wazi ili upepo wa bahari upite.

Sasa njoo Mbagala au Tegeta. Utakuta kanisa limejengwa kwa michango ya waumini, tofali kwa tofali, lakini juu ya madirisha hakuna kitu. Mvua ikija yanafungwa, na ibada inaendelea kwa jasho chini ya bati.

Kama kijijini kwenu mnajenga kanisa, msikiti au darasa, zungumzeni na fundi kabla hajamwaga linta. Achomoze zege kidogo juu ya kila dirisha, au aweke mbao na bati. Kuongeza baadaye ni gharama zaidi.