Ilimba ya Wagogo: Chuma Kidogo, Nguvu Nyingi

Leo twataka kueleza habari za ala ambayo wakazi wa Mkonze na Ugogo wote waijua, lakini si wengi waliojiuliza nguvu zake zatoka wapi. Ala hiyo ni ilimba.

Katika nchi za mbali watu husifu muziki wa kinanda cha piano kwa sababu una moto. Huko Marekani, mwaka wa 1957, Jerry Lee Lewis alipiga piano kwa kishindo hata wasikilizaji wakashindwa kukaa vitini. Huko Uholanzi naye Rob Hoeke alijulikana katika miaka ya 1960 kwa kupiga muziki wa namna hiyo. Ndani ya piano mna nyundo ndogo zinazogonga nyuzi za chuma. Mpigaji abonyezapo kwa nguvu, nyundo hugonga kwa nguvu.

Ilimba haina nyundo wala nyuzi. Ni sanduku la mti lenye uwazi ndani, na juu yake zimepangwa ndimi nyembamba za chuma. Mpigaji huzibonyeza kwa vidole gumba, kisha huziachia, nazo hutetemeka. Ulimi mrefu hutoa sauti nene, na mfupi hutoa sauti nyembamba. Kwa hiyo atakaye kurekebisha sauti huuvuta au huusukuma kidogo. Baadhi ya ndimi hazipigwi kabisa: hutetemeka zenyewe zikisikia jirani zao.

Tena usoni mwa sanduku hutobolewa matundu, yakazibwa kwa utando mwembamba wa kiota cha mayai ya buibui. Utando huo huvuma pamoja na chuma, na sauti huwa na mkwaruzo ulio tamu. Mgeni aweza kudhani ala imeharibika. Kumbe mkwaruzo huo ndio uhai wake. Ukiongeza na njuga za miguuni, mtu mmoja hufanana na kundi zima.

Shahidi wetu ni marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa Doduma mwaka wa 1938. Alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na mwaka wa 1996 sahani yake iitwayo Chibite ilitolewa Uingereza. Alifariki mwaka wa 2003. Watu wasiojua neno moja la Kigogo walimshangilia, kwani nguvu ya muziki haihitaji mkalimani.

Basi jambo la kufikiri ni hili. Dodoma ilifanywa jiji mwaka wa 2018, na Mkonze imo ndani yake. Vipaza sauti huleta muziki wa kila nchi mpaka mlangoni, wala si vibaya kuusikiliza. Lakini sahani huhifadhi sauti tu. Haihifadhi ujuzi wa kuchonga sanduku, wala wa kufua chuma, wala wa kubandika utando. Ujuzi huo hukaa mikononi mwa watu, na mikono huzeeka. Kijana aliye na mzee ajuaye kazi hii asingoje kesho: akaketi karibu naye, atazame, aulize, ajaribu.