Kabla ya Kumkata Farasi, Muulize Mwenyewe

Katika nyumba nyingi, ndugu msomaji, chini ya kitanda cha watoto hukosi kukuta boksi lililojaa vitu visivyo na kazi tena, lakini ambavyo hakuna anayethubutu kuvitupa: mwanasesere asiye na mkono, gari lisilo na magurudumu, vifuniko vya chupa, na pengine farasi wa plastiki mwenye rangi ambayo farasi wa kweli hajapata kuwa nayo. Makala haya yanamhusu farasi huyo. Yanaeleza jinsi watu wazima wa Marekani na Ulaya wanavyomkata, wakamfinyangia viungo vipya na kumpaka rangi, mpaka akawa mnyama wa hadithi katika mchezo wa mezani. Yanaeleza pia kosa nililolitenda mimi mwenyewe nyumbani kwangu, ili mwenzangu asilirudie.

Mchezo wenyewe

Wakati wa likizo iliyopita alitujia hapa Bujumbura mpwa wangu aliyekulia Marekani. Katika mizigo yake mlikuwa na mfuko mdogo wa kitambaa uliojaa dadu za ajabu: yenye pande 4, yenye 8, yenye 12, na kubwa kuliko zote, yenye pande 20. Jioni ya kwanza aliwakusanya watoto wangu na wa jirani, akatandaza mezani karatasi yenye miraba, akaanza kusimulia.

Mchezo huo unaitwa Dungeons & Dragons, na maana ya jina lake ni mahandaki na majoka. Hauna mbio za kufika mwisho kama ludo, wala mateka kama bao. Mtu mmoja huwa msimulizi. Wengine kila mmoja hujichagulia nafsi yake: huyu mpiganaji, yule mchawi, mwingine mwizi mwenye mikono myepesi. Msimulizi huwaambia walipo na wanachokiona, nao husema wanataka kufanya nini. Jambo likiwa na hatari, kama kuruka korongo au kumpiga adui, dadu ndiyo huamua.

Ili kila mchezaji ajue amesimama wapi, watu hutumia sanamu ndogo juu ya miraba. Mraba mmoja una upana wa inchi 1, nao huwakilisha futi 5, yaani mita 1 na nusu hivi. Kwa hiyo kila kitu mezani kimepunguzwa mara 60. Sanamu ya mtu huwa na urefu wa milimita 28 hivi. Zipo za metali na za plastiki madukani, lakini anayetaka jeshi zima la wanyama na mazimwi hutoboka mfuko. Ndiyo maana wachezaji wengi hugeukia vitu vya kuchezea vya watoto.

Walianza na vikaragosi vya bei rahisi

Msomaji asidhani kwamba huo ni ubahili wa juzi. Mchezo huo ulitolewa mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000 tu, zikapangwa katika maboksi kwa mikono.

Siku hizo sanamu za mashujaa na askari zilipatikana, lakini za mazimwi zilikuwa adimu. Gygax akanunua mfuko wa wanyama wa plastiki wa bei ya chini kabisa, waliotengenezwa Hong Kong kwa ajili ya watoto. Wanyama hao hawakufanana na kiumbe chochote: mmoja kama mdudu mwenye mkia wa panga, mwingine kama dubu mwenye mdomo wa ndege, mwingine kama kobe aliyekasirika. Mahali pa kuchekwa, wakapewa majina na tabia. Mdudu akawa mla chuma, anayegeuza panga la shujaa kuwa kutu. Dubu akawa bundi-dubu. Yule wa tatu akawa mnyama anayepita chini ya ardhi na kuchomoza ghafula miguuni pa wasafiri. Wawili wa kwanza waliingia katika kitabu cha nyongeza cha mwaka 1975, na wa tatu katika toleo la kwanza la jarida la The Dragon, mwaka 1976. Mpaka leo wamo katika vitabu vya mchezo huo, nao wanauziwa sanamu zao rasmi za bei kubwa.

Farasi naye ana historia yake. Mwaka 1981 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa farasi mkubwa wa plastiki ngumu, ambaye wazo lake lilitokana na mchoraji Bonnie Zacherle. Haukupita muda mrefu, wakafuata wale wadogo walio laini, wenye nywele za kuchana na alama ubavuni, waitwao My Little Pony. Mwaka 2010 ulianza mfululizo mpya wa katuni za farasi hao, ukawavuta hata watu wazima, na visanamu vyao vidogo vya sentimita 5 hivi vikajaa madukani. Tena kuna jambo la kuchekesha: kampuni iliyokuwa na mchezo wa majoka ilinunuliwa mwaka 1997 na kampuni ya Wizards of the Coast, nayo ikanunuliwa na Hasbro mwaka 1999. Basi farasi wa watoto na majoka ya wakubwa sasa wanalala zizi moja. Mwaka 2017 kampuni moja ya Uingereza ikatoa hata mchezo wa namna hiyo ambamo wachezaji wenyewe ndio farasi.

Kosa langu

Sasa nirudi nyumbani. Baada ya jioni mbili mpwa wangu alinijia, akasema, "Mjomba, kesho kutwa watakutana na mnyama mkubwa, nami sina cha kuweka mezani. Hamna kitu kibovu cha plastiki humu ndani?"

Nikakumbuka boksi la chini ya kitanda. Ndani yake alikuwamo farasi mdogo wa zambarau, ambaye nilimnunulia binti yangu katika mitumba mtaani Buyenzi alipokuwa na miaka minne. Sasa ana kumi na mmoja. Farasi alikuwa amevunjika sikio, uso umechujuka, na mkia wake ulikuwa umesokotana kama nyuzi za katani. Kwa macho yangu ilikuwa takataka. Nikachukua kisu, nikamkata mkia na manyoya ya shingo, nikaanza kumpiga msasa. Kwa hakika nilijiona fundi.

Binti yangu aliporudi kutoka shule alisimama mlangoni, akatazama meza. Hakulia, afadhali angalilia. Aliokota zile nywele zilizokatwa, akazifunga katika karatasi ya daftari, akaenda nazo chumbani. Mke wangu aliniuliza neno moja tu: "Ulimuuliza?"

Si desturi ya wengi wetu mzazi kumwomba mtoto radhi. Usiku ule nilimwomba. Alinisikiliza, kisha akasema, "Baba, huyo si mbovu. Amezeeka tu." Akatoa masharti matatu: mkia urudishwe, ile nyota iliyo ubavuni isifunikwe rangi, na farasi asiwe adui wa kuuawa. Mpwa wangu, ambaye alikwisha panga auawe jioni ya tatu, alijikuna kichwa, akakubali kuibadili hadithi yake. Kazi ikaanza upya, na safari hii fundi mkuu alikuwa mwenye mali.

Jinsi tulivyofanya

Nayaandika haya kwa utaratibu, kwa faida ya atakayependa kujaribu.

Kwanza, pima. Farasi wetu alikuwa na sentimita 5 kutoka kwatoni hadi kwenye sikio. Ukizidisha mara 60 unapata mita 3, yaani mnyama mkubwa kupita farasi wa kawaida, anayefaa kubeba shujaa. Farasi mkubwa zaidi, wa sentimita 13, atakuwa na karibu mita 8. Huyo afadhali umgeuze joka.

Pili, osha. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani. Plastiki iliyoshikwa na mikono ya watoto ina mafuta, na rangi haishiki penye mafuta. Acha ikauke kabisa.

Tatu, kata na unganisha. Kata kidogo kidogo, kisu kikielekea mbali na vidole vyako. Kiungo kipya kisishikizwe kwa gundi peke yake, maana kitang'oka mara ya kwanza kitakapoanguka. Toboa tundu jembamba upande huu na upande wa pili, pitisha kipande cha waya, ndipo utie gundi. Mabawa ya farasi wetu tuliyakata katika ubavu wa dumu kuukuu la plastiki, tukayachora manyoya kwa ncha ya msumari.

Nne, finyanga. Ipo puti ya sehemu mbili ambayo mafundi wa bomba huitumia kuziba nyufa. Ukizikanda pamoja, una muda mfupi wa kuifinyanga kabla haijawa ngumu kama jiwe. Lowesha vidole na kijiti cha meno kwa maji ili isinate. Kwa puti hiyo tulitengeneza sikio jipya, tukaziba mahali mabawa yanapoingia mwilini, na kufanya tandiko dogo. Vaa glovu, kwa sababu kabla ya kukauka huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Ikikauka, ukiipiga msasa, ilowanishe na ujifunge kitambaa puani. Vumbi lake si zuri kwa mapafu.

Tano, paka rangi. Rangi za maji za akriliki ndizo bora. Rangi nyingi za mafuta na za kupuliza hazikauki vizuri juu ya plastiki laini. Hubaki zikinata kwa miezi. Paka tabaka jembamba, ngoja, kisha lingine. Baada ya hapo, chukua rangi nyeusi au ya kahawia iliyozimuliwa sana kwa maji, uipitishe juu ya mwili wote: itatiririka na kutulia katika mikunjo, nayo itatoa kivuli. Mwisho, chovya brashi katika rangi nyeupe kiasi, uifute karibu yote kwa kitambaa, kisha uipitishe kwa wepesi juu ya sehemu zilizoinuka. Hapo ndipo kitu cha kuchezea kinapoanza kuonekana kama mnyama mwenye mifupa na misuli.

Sita, msimamishe juu ya kitako. Tulikata kigae cha mviringo cha upana wa sentimita 5, tukakipaka gundi na kukinyunyizia mchanga.

Binti yangu alizirudisha zile nywele mwenyewe, unywele baada ya unywele, kwa gundi na kibano. Kazi hiyo ilimchukua saa mbili. Nyota ya ubavuni aliizungushia mstari mwembamba mweupe, ili kila mtu aione.

Dadu haina huruma

Jioni ya mwisho ya likizo, watoto wanane walizunguka meza. Katika hadithi, farasi mwenye mabawa ndiye aliyekuwa akiwavusha wasafiri juu ya mto wa moto, mmoja mmoja. Alipombeba wa mwisho, ambaye ni mtoto wa jirani yetu, mishale ikaanza kuruka kutoka ng'ambo. Msimulizi akasema ni lazima ipatikane 15 au zaidi kwenye dadu ya pande 20. Binti yangu akaitupa. Ikabingirika, ikasimama: 9.

Wote walimtazama mpwa wangu. Nakiri, mimi pia nilimkonyeza, nikitumaini angepunguza hesabu. Hakupunguza. Alisema kwa upole kwamba mshale umepita katika bawa la kushoto. Msafiri amefika salama, lakini farasi hataruka tena. Nilidhani kazi yetu ya siku nne imeharibika, na kwamba moyo wa mtoto umevunjika mara ya pili kwa sababu yangu.

Asubuhi, kabla mgeni hajaondoka, binti yangu alinifuata uani akiwa na farasi mkononi. Alitaka kisu. Nilimuuliza cha nini, akanijibu kwamba bawa la kushoto halina budi kukatwa, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nikamshika farasi kwa nguvu juu ya ubao, naye akakata polepole mpaka nusu ya bawa ikaanguka. Kisha akachukua rangi ya kahawia, akalipaka kovu.

Ni kisu kilekile nilichokitumia mimi wiki moja kabla. Farasi huyo sasa hayumo tena katika boksi la chini ya kitanda. Anasimama juu ya rafu, karibu na vitabu, bawa moja zima na moja nusu, na mgeni akiuliza ana nini, binti yangu humweleza habari yote tangu mwanzo, pamoja na sehemu inayonihusu mimi.

Basi, mzazi mwenzangu, ukipenda kazi hii ya mikono, tafuta puti yako, waya na rangi zako za maji. Lakini kabla hujafungua boksi la mtoto, mwite kwanza mwenye boksi.