Mtihani wa Sinia Moja: Jinsi Wakristo wa Kwanza Walivyotunza Umoja Wao

Waswahili husema vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Wengi wetu hudhani wafuasi wa kwanza wa Nabii Isa (a.s.) hawakugongana hata siku moja, lakini vitabu vyao wenyewe havisemi hivyo.

Kitabu cha Matendo ya Mitume chaeleza kwamba pale Yerusalemu waumini walishirikiana mali. Mwenye shamba au nyumba aliuza, na fedha zikagawiwa wenye haja. Mmoja wa waliouza shamba alikuwa Yusufu, mtu wa kisiwa cha Kipro, ambaye mitume walimpa jina la Barnaba. Wakila, walikula pamoja nyumba hadi nyumba.

Haukupita muda, manung'uniko yakaanza. Baadhi ya waumini hao wa Kiyahudi walisema Kigiriki, na wengine lugha ya kwao. Wale wa Kigiriki wakalalamika kwamba wajane wao walisahauliwa chakula kilipogawiwa kila siku. Mitume hawakuwakemea. Waliamuru wachaguliwe watu saba wa kusimamia ugawaji, na Stefano akawa mmoja wao. La ajabu ni kwamba majina ya wote saba ni ya Kigiriki. Yaonekana waliolalamika ndio waliokabidhiwa mwiko na chungu.

Mtihani mkubwa zaidi ulitokea Antiokia, mji ambao siku hizi waitwa Antakya, nchini Uturuki. Huko ndiko wafuasi hao walikoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, na huko Mayahudi na wasio Mayahudi walikaa kula pamoja. Kwa Myahudi mshika dini hilo halikuwa jambo dogo, maana chakula kina sheria zake. Msomaji Mwislamu hana haja ya kuelezwa sana hapo.

Petro naye alikula nao. Lakini walipowasili watu waliotoka kwa Yakobo wa Yerusalemu, aliogopa lawama akajitenga, hata Barnaba akamfuata. Paulo, kama alivyoandika mwenyewe katika waraka wake kwa Wagalatia, alimkabili Petro mbele ya watu wote. Hakumsengenya kando.

Wageni hao watahiriwe na kufuata sheria yote ya Musa, au la? Swali hilo lilifikishwa mbele ya wakuu huko Yerusalemu, mnamo mwaka 48 au 49 kwa makisio ya wataalamu. Matendo ya Mitume chasema wasilazimishwe, ila waache vitu vinne: vilivyotolewa sadaka kwa masanamu, damu, mnyama aliyesongolewa, na zinaa. Msomaji ataona mara moja kwamba vyote vinne ni haramu kwa Mwislamu pia. Basi yule mgeni alipunguziwa mzigo, na mwenyeji naye akahifadhiwa asichukizwe mezani.

Paulo hakuishia kwenye maneno. Alichangisha fedha kwa waumini wa Makedonia na Akaya, wengi wao wasio Mayahudi, akazipeleka kwa maskini wa Yerusalemu. Waliobishana juu ya chakula wakawa wanalishana.

Sisi nasi tunao mfano wetu. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622 aliunga udugu baina ya Muhajirina na Ansari. Saad bin Rabii akataka kumpa Abdurahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Mmoja alitoa kwa moyo mweupe, na wa pili hakutaka kuwa mzigo.

Huku kwetu pwani jirani Mkristo akiwa na arusi, mara nyingi humtafuta Mwislamu amchinjie, ili waalikwa wote wale bila wasiwasi. Ni jambo dogo, lakini hufanya kazi ile ile iliyofanywa na mkutano wa Yerusalemu. Pasipo hilo kila mtu angekula kwake, na mtu usiyekula naye ni rahisi kumdhania mabaya.

Tukitofautiana basi, tuambiane uso kwa uso, na anayelalamika kwamba hakupata asikilizwe kabla sinia halijaondolewa.