Kasuku Garini: Kigegezi cha Safari kutoka Johannesburg

Kasuku anayesumbuliwa na mwendo wa gari hunyamaza kwanza. Ndege ambaye nyumbani hupiga mluzi tangu alfajiri, huiga mlio wa simu na kumwita mwenye nyumba kwa jina, akishaingia barabarani hujikunyata kwenye kona ya tundu, akabana kijiti kwa kucha zote huku manyoya yamelala na kushikana na mwili. Baada ya muda huanza kumezameza na kutikisa kichwa, mate yakachuruzika mdomoni, kisha hutapika. Kwa kuwa hutapika huku akitikisa kichwa, matapishi hurushwa kila upande. Mara nyingi dereva hugundua mambo yalishaanza zamani pale anapoona manyoya ya utosini yamelowa na kugandana, na punje za mtama zimenata kwenye kioo cha dirisha.

Kutapika huku si sawa na kucheua. Kasuku hucheua chakula kwa mapenzi: huinua na kuinamisha shingo polepole, mboni za macho zikitanuka na kusinyaa, akimlenga mtu ampendaye, au hata kioo, kana kwamba analisha kinda. Anayetapika hamlengi mtu, na chakula hakimtoki taratibu.

Mjini Johannesburg jambo hili huwagusa watu wengi. Afrika Kusini ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuzalisha na kuuza nje kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu ambaye asili yake ni misitu ya Kongo, Uganda na nchi za Afrika Magharibi. Likizo ya Desemba ikifika, barabara ya N3 hujaa magari ya watu wanaokwenda kupunga upepo Durban, na ndani ya baadhi ya magari hayo mna tundu. Safari ni ya kilomita 570 hivi. Gari huanzia kwenye uwanda wa juu wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, hupita tambarare ndefu hadi Harrismith, kisha huteremka kwenye kona za Van Reenen na kuendelea kushuka hadi usawa wa bahari. Kasuku aliyevumilia tambarare yote bila shida huweza kushindwa katika teremko hilo.

Chanzo cha kigegezi kimo kichwani kabla ya kufika tumboni. Ndani ya sikio la ndege, kama ilivyo kwa binadamu, mna mirija mitatu midogo yenye majimaji, ambayo huuarifu ubongo kichwa kinapogeuka, na vipokezi vingine vinavyohisi mwendo na mvutano wa ardhi. Macho nayo hupeleka habari zake. Taarifa hizo zikipingana, ubongo huchanganyikiwa, na tumbo ndilo linalolipa gharama.

Kwa ndege, macho yana uzito wa pekee katika jambo hili. Yeyote aliyewahi kumbeba kuku mikononi amewahi kuona kioja hiki: mwili wa kuku ukisogezwa kushoto na kulia, kichwa hubaki palepale kana kwamba kimepigiliwa msumari hewani. Ndege hukituliza kichwa chake kwa kushikilia mandhari kwa macho. Sasa kasuku macho yake yako pembeni mwa kichwa, na kwenye siti ya nyuma pembeni ndiko kuliko na dirisha. Nguzo, malori na nyasi hupita mbio. Hakuna cha kushikilia. Wakati huohuo kijiti anachosimamia kinatetemeka na kuyumba kwenye kila kona. Ndiyo maana kitambaa chepesi kilichofunika pande mbili za tundu mara nyingi husaidia kuliko dawa. Upande mmoja huachwa wazi, ukielekea ndani ya gari, ili hewa ipite na ndege awaone watu wake. Wako kasuku wachache ambao giza huwaongezea hofu, na hao hutulia wakiachwa watazame mbele.

Hofu yenyewe ni nusu ya ugonjwa. Kasuku ni ndege anayewindwa, na kitu kikubwa kinachompita kwa kasi hukichukulia kama mwewe. Ndege ambaye gari kwake lina maana moja tu, yaani kwenda kwa daktari kukatwa kucha, huanza kutetemeka hata injini haijawashwa. Kwa hiyo tiba ya kweli huanza wiki kadhaa kabla ya safari. Kwanza tundu la safari huwekwa sebuleni, mlango wazi, likiwa na karanga au kipande cha embe ndani, mpaka ndege aingie mwenyewe. Kisha hupelekwa kwenye gari lililosimama, akae dakika tano na kurudi. Siku nyingine injini huwashwa bila gari kuondoka. Halafu huzungushwa mtaa mmoja, kisha kitongoji kizima, kila mara safari ikiishia kwenye kitu anachokipenda. Kazi hii inachosha na haina njia ya mkato, na wengi huiruka. Hao ndio wanaojikuta wakifuta viti kando ya barabara.

Tundu la safari huwa dogo kuliko la nyumbani, ili ndege asirushwe mbali gari likifunga breki. Kijiti huwekwa chini, karibu na sakafu, nacho kiwe na uso wa kukwaruza usioteleza. Ndege anayeyumba sana hutulia zaidi akikaa chini juu ya taulo. Vitu vya kuchezea vinavyoning'inia huondolewa, kwani kwenye kona hugeuka nyundo. Tundu hufungwa kwa mkanda wa usalama kwenye siti ya nyuma. Siti ya mbele ina mfuko wa hewa unaofumuka kwa nguvu ya kumuua ndege wa gramu 450, na buti haifai kabisa.

Kuhusu chakula, mlo mwepesi saa mbili tatu kabla ya kuondoka unatosha. Kasuku hapaswi kushindishwa njaa siku nzima, bali ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo usiwe umejaa. Bakuli la maji humwagika na kumlowesha ndege, hivyo njiani hupewa vipande vya tango, zabibu au tufaha, na maji wakati wa mapumziko. Parachichi lisikaribie tundu: lina sumu inayoweza kumuua kasuku.

Wafugaji wengi husifu tangawizi, ama iliyokunwa kidogo juu ya tunda, ama chai yake nyepesi iliyopoa isiyo na sukari. Ushahidi wa kitaalamu kwa kasuku ni haba, ila kiasi kidogo hakina madhara. Vidonge vya binadamu ni habari nyingine. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa kasuku zaidi ya 130, na hesabu ya kukata kidonge kwa kisu cha jikoni haijawahi kuwa salama. Madaktari wa ndege wana dawa za kuzuia kutapika na za kutuliza hofu, zinazopimwa kwa gramu za mwili. Uchunguzi wao una faida nyingine: kasuku wa kijivu ana kawaida ya kupungukiwa na madini ya kalsiamu katika damu, na upungufu huo humfanya alegee, aanguke kutoka kijitini au apate degedege. Mwenye ndege akidhani ni kigegezi tu, hupoteza muda.

Siku yenyewe, kuondoka alfajiri kunafaa zaidi. Majira ya joto, ngurumo na mvua ya mawe huuangukia uwanda wa Johannesburg mchana na jioni, na jua la Desemba hugeuza gari lililoegeshwa kuwa tanuri kwa dakika chache. Ndege hatoi jasho. Hutweta mdomo wazi, mabawa ameyaachia mbali na mwili, na akifikia hapo hali ni ya hatari. Marashi ya gari na moshi wa sigara huachwa nyumbani, maana mapafu ya ndege hunyonya hewa kwa ufanisi mkubwa, na uchafu pia. Gari husimamishwa kila baada ya saa mbili, injini ikizimwa kwa robo saa. Mlango wa tundu haufunguliwi kituo cha mafuta, hata kwa kasuku mpole kupita wote.

Safari ya angani haina kona, lakini ina hatari zake. Desemba 2010, zaidi ya kasuku 700 wa kijivu waliokamatwa porini Kongo walikufa wakisafirishwa kwa ndege ya abiria kutoka Johannesburg kwenda Durban. Tena, kuvuka mpaka kunahitaji karatasi. Katika mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Sandton, Johannesburg, mwaka 2016, kasuku wa kijivu alihamishiwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza, penye ulinzi mkali kuliko vyote, na uamuzi ukaanza kutumika Januari 2017. Kwa hiyo hata kasuku wa nyumbani huhitaji vibali vya mkataba huo pamoja na cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, na kuvifuatilia huchukua muda.

Baada ya kufika, tundu huwekwa chumba kimoja kitulivu, mbali na jiko. Vikaango visivyogandisha chakula vya nyumba za kupanga huhitaji kuangaliwa, kwa sababu vikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoua ndege upesi, hata akiwa chumba cha pili. Kigegezi chenyewe hupungua gari linaposimama, na ndani ya saa chache kasuku huanza kula. Asipogusa chakula hadi kesho yake, au akiendelea kutapika chumbani kusikotikisika, tatizo halikuwa gari, na anayehitajika ni daktari. Mizani ya jikoni ikiwemo kwenye mizigo, kasuku hupimwa asubuhi kabla hajala, na uzito hulinganishwa na ule ulioandikwa kabla ya kuondoka Johannesburg.