Mtoto wa mbwa anapokataa kula



Kamati inayotaka mbwa wa kulinda ghala au banda la kuku huko Bububu kwa kawaida huanza na mtoto wa mbwa aliyetolewa bure. Wengine huachishwa mama wakiwa na wiki 4 au 5 tu, wakati wiki 8 ndiyo umri unaofaa. Akigoma kula, watu husema njaa ikimzidi atakula mwenyewe. Kwa mtoto mdogo si kweli. Hana akiba mwilini; nusu siku bila chakula inatosha sukari ya damu kushuka, naye akalegea na kufa.

Kwanza, mtazameni kabla ya kumshika. Akitokwa na udenda, taya likilegea, sauti ikibadilika au akiuma ovyo, msitie mkono mdomoni mkidhani amekwamwa na mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mfungieni peke yake, mwite daktari wa mifugo. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Kisiwani Pemba ugonjwa huu ulitoweka mwaka 2014, ukarudi mwishoni mwa 2016. Chanjo zisisimame.

Pili, kama hana dalili hizo, mpasheni joto. Aliyepoa hawezi kusaga chakula. Mlazeni juu ya gunia kavu pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Akiwa dhaifu, pakeni asali au sukari kidogo kwenye ufizi. Msimmiminie kitu kooni, kitaingia mapafuni.

Tatu, mpeni chakula laini chenye uvuguvugu: wali uliopondwa na samaki asiye na miba, bila chumvi, pilipili wala kitunguu. Kidogo kidogo, mara 4 kwa siku, na maji safi daima. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi.

Nne, akitapika, akiharisha damu, ufizi ukiwa mweupe au tumbo likivimba, msingoje kesho. Minyoo na ugonjwa wa parvo huua haraka. Dawa za binadamu zisitumike.

Tunakumbusha pia ujirani mwema. Majirani zetu walio wengi Bububu ni Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Mbwa awe na chombo chake, abaki ndani ya ua, asizurure bombani wala njia ya msikitini.

Kwa hiyo, kabla ya kupokea mtoto wa mbwa, kamati iandike katika bajeti dawa ya minyoo, chanjo na chakula, imteue mtu mmoja wa kumlisha, na iulize mapema ni hospitali gani yenye chanjo ya kichaa cha mbwa kwa watu. Wafadhili wanaochangia ulinzi wa mradi wasione fungu hilo kuwa anasa. Mbwa asiyechanjwa halindi mtu.